Vibati Sita vya Mlangoni

Tarehe 4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, bahari imetulia na mpishi wenu ameacha kuunguza mkate. Huku hatujambo. Mama anaendelea na kazi ya duka la dawa, jioni anarudi miguu imevimba. Bibi anauliza kama bado unavaa soksi mbili, maana anaamini kila meli ni baridi. Mdogo wangu Bondia ameng'oka jino la mbele, na sasa akijifanya simba anatoa mlio wa filimbi. Mimi nimekuwa wa tatu darasani. Ningekuwa wa pili, lakini mwalimu wa hisabati alitaka nieleze jibu mbele ya wenzangu, na sauti yangu unaijua. Hata kwenye simu inanikimbia, ndiyo maana nakuandikia.

Sasa nina jambo. Ubao wako wa vibati, mfano wa ule wa melini, bado upo pale mlangoni ulipoutundika: vibati sita, wekundu mtu yumo ndani, weupe ametoka. Chako ni cheupe, na cha mgeni. Bibi bado anasema hii si nyumba, ni manowari iliyokosa maji.

Ijumaa iliyopita mvua ilianza saa kumi na moja jioni. Bondia alikuwa nje na mpira, ilhali mama alishamkataza kunyeshewa kwa sababu ya pumu yake. Kupitia dirishani nikamwona anaingia getini, na nyuma yake, mbali kidogo, mama anakuja na mwavuli. Nikakimbilia mlangoni, nikakigeuza kibati chake kiwe chekundu ili asigombezwe, kisha nikarudi kwenye kitabu changu. Kumbe Bondia aliona kiatu kimoja kimebaki mtaroni, akarudi kukifuata. Mama akaingia, akaangalia ubao: sote tumo. Akafunga mlango kwa komeo na madirisha yote. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba hatukusikia kitu, hadi wakati wa kula, sahani ya Bondia ikakosa mtu.

Tulimkuta amekaa kwenye kizingiti cha jikoni. Midomo ilikuwa ya buluu, baba. Kipulizio cha pumu kilimrudisha, lakini kwa dakika kadhaa sikumsikia akipumua, nilisikia mvua tu.

Mama alimwambia, "Uligeuza kibati kisha ukatoka tena! Umeudanganya ubao!" Amemnyima mpira mwezi mzima. Na yeye akajibu, "Labda nilisahau, mama."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Sikusema neno. Nifanye nini?

Mwanao,
Karani


Tarehe 21 Februari

Karani wangu,

Marahaba. Shikamoo yako imesafiri siku kumi na saba, imepita bandari mbili na magunia matatu ya posta, na imefika haijachoka. Mwambie bibi soksi ni mbili, na chumba cha injini kina joto la kuivisha mayai, lakini amri ya mama yangu haina mjadala. Mwambie Bondia simba wa filimbi ni wa hatari kuliko wote kwa sababu adui anacheka kwanza.

Fundi Twiga anakusalimu, yule mrefu aliyekuja kwetu mwaka jana akajigonga kichwa mlangoni. Juzi amejigonga tena, kwenye bomba la mvuke. Vijana wanasema bomba ndilo lililopelekwa kwa daktari.

Nimeisoma habari ya kibati mara mbili. Nitakwambia kama ninavyowaambia watu wangu hapa. Ubao hauna macho. Unajua tu kile ambacho mkono umeuambia, na ukiambiwa uongo, unausema kwa sura ile ile ya ukweli. Ndiyo maana kibati hugeuzwa na mwenyewe, hata kama ana haraka, hata kama anaungua. Mkono unaogeuza kibati cha mwenzake ndio mkono unaomfungia mlango. Usiniambie ulifanya kwa mapenzi. Mtu humgeuzia kibati yule anayempenda. Asiyempenda anamwacha ageuze mwenyewe.

Mwambie mama leo. Usimwache mdogo wako abebe mzigo ambao hata hajui ni wa nani. Unaogopa, najua. Hofu ya kusema huuma mara moja, ile ya kunyamaza hukaa mezani na wewe kila siku ikila kwenye sahani yako.

Nakuchorea pampu mpya, upande wa nyuma. Angalia vali ya tatu, utaipenda.

Baba yako


Tarehe 9 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima. Mchoro nimeubandika juu ya kitanda, na vali ya tatu kweli ina akili.

Nimesema. Barua yako ilifika mchana, na mama aliporudi alikaa kukunja nguo. Nikasimama mbele yake na barua mkononi, sauti ikanikimbia kama kawaida, basi nikamsomea maneno yako badala ya yangu. Nilipofika kwenye "mkono unaomfungia mlango" akaacha kukunja.

"Kumbe ni wewe," akasema. Hapo nilitamani anipige. "Mwezi mzima nimemnyima mtoto mpira wake, na wewe unaniangalia."

Bondia alikuwa chini ya meza na magari yake. Akatoa kichwa. "Kwa hiyo sikusahau?"

"Hukusahau."

"Basi akili yangu nzima!" Akatoka akipiga makofi. "Nilidhani nina ule ugonjwa wa babu wa jirani, anayetafuta miwani akiwa ameivaa!"

Baba, ndipo nikaelewa. Mwezi wote ule alikuwa akifika nje anarudi kutazama kibati chake, mara tatu, mara nne, na mimi nilidhani anacheza. Amenihukumu kumbebea mkoba mpaka shule zifungwe, na ndani anaweka mawe.

Ahsante kwa maneno yako. Nimeyanakili ndani ya jalada la daftari.

Karani


Tarehe 30 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ile ya tarehe tisa haijaitikiwa bado, kwa hiyo hii ni ya pili juu yake.

Wiki mbili zilizopita redio ilisema moto ulizuka ndani ya manowari moja, mtu mmoja yuko hospitalini hajitambui. Haikutaja meli. Mama alizima redio kabla ya taarifa kwisha, akaendelea kukata mkate. Alikata mkate wote, vipande ambavyo hatukuweza kuvimaliza.

Jumanne lile gari jeupe la makao makuu liliingia kwenye mtaa wetu wa maafisa. Unajua linavyotembea polepole. Kila nyumba pazia lilisogea kidogo, kina mama wamesimama nyuma yake wakihesabu milango. Likapita kwa mama wa rubani, likapita kwa daktari, likasimama kwetu. Bibi alinishika mkono, na nguvu zile sikujua bado anazo. Askari mmoja akashuka na bahasha yenye mhuri, akamsalimu mama kwa heshima iliyozidi, akaondoka. Mama aliisoma chumbani, akaifungia kabatini. Nilipomuuliza akasema, "Baba yako mzima. Kalale." Ilikuwa saa tisa mchana.

Jumamosi ulipiga simu. Nilisikia mama anasema tu "ndiyo" na "nimesikia". Alipotoka macho yalikuwa mekundu. "Anawasalimu." Hukuomba kuongea na mimi. Sijawahi kuipenda simu, lakini siku ile nilikuwa nimekaa karibu nayo.

Bado umenikasirikia kwa ajili ya Bondia? Kama ni hivyo niambie, nitavumilia. Kinachonitisha ni kutojua.

Kibati chako nakipangusa kila asubuhi. Sikigeuzi, napangusa tu.

Karani


Tarehe 11 Aprili

Karani,

Marahaba, na tena marahaba. Barua zako zote zimefika. Sijakukasirikia. Ulifanya vizuri kusema.

Mimi mzima. Moto ulikuwa kwetu, kwenye chumba cha injini, tarehe mbili Machi. Ulikuwa mdogo, ulizimwa. Fundi Twiga alivuta gesi ya kuzimia moto na amelazwa hapa bandarini. Meli imefungwa gatini tukisubiri uchunguzi. Aliporudi chini, kibati chake kilikuwa upande mweupe. Mlango ukafungwa. Baraza la uchunguzi litakaa katikati ya Mei.

Je, mfereji wa maji wa paa umeshatengenezwa? Mwambieni fundi atumie misumari mirefu. Bibi asipande ngazi kusimamia.

Soma kwa bidii.

Baba


Tarehe 25 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mfereji umetengenezwa. Bibi alipanda ngazi. Alisema alikuwa anahesabu misumari yako mirefu.

Mama ametuambia habari ya Fundi Twiga iliyokuwa ndani ya ile bahasha, sasa naweza kuizungumza. Anasema barazani watasema kosa ni lake, kwamba aligeuza kibati akatoka, kisha akarudi bila kukigeuza tena, na kwamba akiamka ataondolewa jeshini kwa uzembe. Bondia amemchorea twiga mwenye helmeti. Picha nimeiambatisha.

Barua yako haikuwa na mchoro nyuma. Niliigeuza mara kadhaa.

Nakumbuka alipokuja kwetu. Wewe ulishaingia ndani unamwita, "Twiga, pita bwana, chai inapoa," naye amesimama nje ameinama, anasema, "Siingii, Afande, mpaka nionyeshwe kibati changu." Ndiyo maana tuna cha sita. Ulimkatia siku ile ile. Wakati wa kuaga tulikuwa tumefika getini, mvua inaanza, akakimbia kurudi mlangoni kwa sababu alikumbuka hajakigeuza. Bibi alimcheka mpaka akakohoa.

Mtu wa namna hiyo anasahau vipi?

Kuna swali nimeliandika hapa mara tatu, na mara tatu nimechana karatasi. Hii ni ya nne na sikuliandika. Najua utaliona.

Naogopa, baba. Zamani niliogopa bahari. Sasa naogopa barua yako ijayo.

Karani


Tarehe 13 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimeliona.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, nje ya wodi. Kuta zimepakwa rangi ya kijani hadi usawa wa bega. Nimezihesabu nyufa zake kwa wiki kumi, kwa hiyo nisamehe mwandiko, macho yangu yamechoka kuhesabu.

Siku ile moshi ulipotokea niliamuru watu wote watoke. Nilisimama mlangoni kwenye ubao. Walitoka mmoja mmoja, kila mmoja akigeuza chake. Wa mwisho alikuwa Twiga. Alikuwa amembeba kijana wa mafuta aliyeungua mkono, mikono yake yote miwili imejaa mtu. Nikamwambia, "Pita, pita." Na mkono wangu, huu ninaoandikia, ukainuka ukageuza kibati cha kijana, kisha cha Twiga.

Halafu nikageuka kuongea na nahodha kwa simu ya ukutani. Twiga akamlaza kijana chini, na nadhani akakumbuka vali ya mafuta haijafungwa, akarudi. Sikumwona. Nilipoangalia ubao ulikuwa mweupe wote. Nikafunga mlango, nikafungulia gesi. Zilipita dakika nne ndipo yule kijana akauliza, "Twiga yuko wapi?"

Kwenye moshi ule hakuna aliyeuona mkono wangu. Barua yako ya kukiri ilinifikia wiki tatu baadaye, ikiwa na maneno yangu mwenyewe ndani yake. Niliifunga tena. Sikuweza kukuitikia hata shikamoo.

Unajua ninavyowaambia vijana, kwamba woga ni wa maji na moto. Si kweli. Nimekaa miaka ishirini na nne jeshini, na sijawahi kuogopa kama ninavyoogopa mlango wa wodi hii. Wiki za mwanzo niliogopa atakufa. Halafu, na hili sijamwambia mtu hata mama yako, kuna siku niliogopa ataamka.

Ameamka Jumapili. Sauti yake imebaki nyembamba kama uzi. Nilimshika mkono, nikasubiri aseme. Akasema, "Afande, nisamehe. Nilikigeuza kisha nikarudi kama mjinga. Nimekuaibisha mbele ya nahodha."

Hakumbuki. Wamemwambia hivyo, ameamini, na ananiomba radhi.

Nilimjibu, "Pumzika." Ndicho nilichosema, mwanangu. Pumzika.

Baraza linakaa Alhamisi. Nikisema, nyumba tunayokaa si yetu tena, na cheo nilichokipata kabla hujazaliwa kitakwisha mbele ya watu niliowafundisha kazi. Nikinyamaza, hakuna atakayejua isipokuwa mimi na wewe. Nimekuandikia wewe ili tuwe wawili. Huenda hilo nalo ni kosa, kukubebesha.

Baba


Tarehe 24 Mei

Baba,

Shikamoo. Alhamisi imeshapita, lolote ulilofanya umeshalifanya. Sijui naandikia yupi kati ya baba wawili, kwa hiyo naandika kwa wote.

Barua yako sijamwonyesha mtu. Mama ananiangalia ninavyokula.

Leo Bondia alitoka kucheza na sikumwona akirudi nyuma. Aligeuza kibati mara moja tu, akaenda zake. Nikamuuliza, "Huhakikishi tena?" Akanijibu, "Nihakikishe nini? Si uliniambia sikusahau?"

Basi. Sina lingine.

Karani


Tarehe 10 Juni

Karani wangu,

Marahaba. Kati ya hao baba wawili, mmoja anarudi nyumbani.

Wiki ile ya Alhamisi sikulala vizuri, na asubuhi nilifunga vifungo vya koti vibaya mara mbili. Chumba kilikuwa na meza ndefu, maji kwenye jagi na maafisa watano. Mwenyekiti alisoma taarifa, akafika kwenye "fundi aligeuza kibati chake", akaniuliza kama nina la kuongeza. Sauti ilinikimbia. Nimejua sasa umeitoa wapi. Nikainua mkono wa kulia, nikauonyesha. Wakadhani naapa. Ikabidi niseme.

Wameniondoa melini na kunishusha cheo, na mwisho wa Agosti tunahama. Mama anajua, nilimpigia kabla ya kuandika hii. Akauliza maboksi tunayo mangapi. Twiga ameondolewa lawama kwa maandishi. Mapafu yake hayatamrudisha kwenye injini, na hilo hakuna baraza litakaloliondoa.

Nilimwambia Twiga mwenyewe, kabla ya kuingia barazani. Aligeukia ukuta. Siku ya pili hali kadhalika, mimi nipo benchini. Siku ya tatu akasema bila kugeuka, "Afande, hebu nipe maji." Nikampa. Akanywa, akasema, "Tangu niamke najitukana, kumbe natukana mtu asiyehusika." Hakucheka. Sijui kama ule ni msamaha. Sikumuuliza.

Picha ya Bondia ameibandika juu ya kitanda.

Nitafika tarehe ishirini na nane, mchana. Nyuma nimekuchorea ule ubao, na mlango, na mahali niliposimama. Uutazame vizuri. Sitaki uogope kitu usichokijua.

Baba yako


Tarehe 28 Juni

Baba,

Barua hii sikuitia posta. Nimeibandika kwenye ubao, chini ya kibati chako, kwa hiyo unaisoma ukiwa umesimama nje, mlango uko wazi na mzigo wako uko miguuni. Sote tumo ndani, ubao utakwambia, na safari hii unasema kweli.

Mama nilimwonyesha barua zako jana. Alizisoma zote, kisha akakaa nazo mapajani muda mrefu. Leo amefagia uwanja mara mbili.

Bibi tangu asubuhi anasema, "Kigeuzeni basi, mtoto wangu si keshafika stendi!" Bondia akaburuta kiti, akapanda, akanyoosha mkono. Nilipiga kelele, baba. Mimi. Hadi jirani akachungulia. Nikamwambia, "Acha! Mwenyewe anakuja."

Akashuka. Sasa tumekaa mezani tunakisikiliza kile kibati.

Kigeuze, uingie. Nikuamkie kwa mdomo.

Karani